Kitatange wa Ushongo na Sharti la Bibi

Silikoni mbichi inanuka siki. Asiyewahi kuishi na fundi vioo hawezi kulijua hilo, lakini nyumbani kwetu Usagara, mjini Tanga, hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya Baba, kama watoto wengine walivyokuwa na baba wanaonuka saruji au dizeli. Alikuwa na kibanda cha vioo na alumini kando ya barabara, akitengeneza madirisha, makabati ya maduka na milango ya mabafu ya watu wenye uwezo. Jioni alirudi na siki yake vidoleni, akanawa kwa sabuni ya unga, kisha akala wali kwa mkono ule ule, unanuka kachumbari ambayo haimo kwenye sahani. Mwaka nilipokuwa darasa la tano, duka moja la nguo lilibadilisha kioo cha mbele kilichopasuka pembeni, na kile cha zamani, kinene kama kidole, kikabaki kwa Baba. Mtu mwingine angekiuza vipande vipande. Baba alikikata, akakiunga kwa silikoni, akatengeneza tangi la samaki, akaliweka sebuleni pale palipokuwa na kabati la vyombo la Mama. Mama alisema maneno yake, na hakuwa mtu wa maneno machache, lakini mwishowe kabati lilihamia chumbani na tangi likabaki.

Maji tuliyateka ufukweni Raskazone, kwa madumu, wakati bahari imejaa na maji ni safi. Samaki wa kwanza walikuwa weusi wawili, wadogo kama visanduku vya kiberiti, waliotoka kwa watoto wanaovua kwa ndoana pale kwenye miamba. Hawakuwa na uzuri wowote, ila walikuwa na roho ngumu na tabia mbaya. Uliwatupia chapati, walikula. Ulitumbukiza mkono, waliuma. Nyuma ya tangi, juu ya kijibao, ilikaa pampu ya hewa yenye ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Iliivuta hewa ya sebuleni na kuipeleka majini kwa mpira mwembamba, ikitoa mapovu na kunguruma usiku na mchana. Wageni walikuja kutazama, wakasema mashallah, wakaondoka. Baba alitembea kifua mbele. Mimi, nikiri tu, niliona tumehamisha vyombo vizuri kwa ajili ya wakorofi wawili.

Wakati huo Bibi, yaani mama mzazi wa Baba, aliishi peke yake Ushongo, ng'ambo ya Mto Pangani. Jina lake Mwanakombo. Babu alikuwa amekwisha kufariki, watoto wametawanyika, na yeye alibaki na minazi yake, kuku wake, na presha ambayo alikuwa akimeza dawa zake siku akizikumbuka. Kabla ya masika alianguka uani. Hakuvunjika kitu, lakini hakuweza kuinuka, akalala pale chini mpaka jirani alipokuja kuazima ungo. Habari hiyo ilimvuruga Baba kuliko alivyoonyesha. Kila alipopata nafasi alikwenda Ushongo kumbembeleza mama yake ahamie Tanga, karibu na hospitali na karibu na watu, na kila mara alirudi na nazi tu. Bibi alikuwa na jibu moja, mwacha asili ni mtumwa, na alilitoa kwa upole, kama mtu anayekurudishia chenji.

Siku ya sharti nilikuwepo, maana ilikuwa likizo. Baba alikuwa amekodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kwa matumaini ya kurudi na mtu badala ya nazi. Tulimkuta Bibi kibarazani, amekaa kwenye mbuzi, anakuna nazi. Hakuacha kukuna muda wote mwanawe alipokuwa akisema.

"Mama, mie sikulazimishi," Baba alisema. "Lakini siku ile ungekufa pale chini, kuku wanakupita."

"Wangenipita tu," Bibi akajibu. "Kuku hawali mtu."

Bahari ilikuwa imekupwa hadi mbali, na wanawake walikuwa wanarudi kutoka kutanda uduvi, kazi ya wawili wanaoshika kitambaa na kukiburuta kwenye maji ya magotini. Binti wa jirani alipita na beseni lake, akasimama kuamkia. Ndani ya beseni, katikati ya uduvi, alikuwa akihangaika kitatange mmoja, mpana kama kiganja cha mtoto, wa manjano, ana mistari myeusi na ukingo wa buluu mgongoni. Kitatange haliwi, au analiwa na asiye na lingine. Ni miba na uzuri tu. Bibi alimtazama yule samaki, akamtazama mwanawe, akaipangusa mikono kwenye kanga.

"Si nasikia umetengeneza bahari ya vioo huko kwako?" alisema. "Haya, mchukue huyu. Akiishi, akala akashiba, na mie nitakaa kwako. Akifa, usinitajie tena habari za Tanga mpaka Mungu anichukue. Na nitakuja mwenyewe kumtazama. Mie si wa kuambiwa kwa simu."

Baba alikubali palepale, hata kabla binti hajaamua kama anamtoa samaki wake. Fundi huamini kwamba kila kitu kina kipimo chake, ukikipata kinakaa. Hakujua kwamba alikuwa amekubali sharti juu ya mmoja wa samaki wanaochagua chakula kuliko watoto wa matajiri. Bibi alifunga vitu vyake kwenye kifurushi cha kanga, akaongeza chetezo chake cha udongo na kopo la ubani, akapanda mbele kando ya dereva. Mimi nilipanda nyuma na ndoo ya samaki. Nilipewa kikombe na kazi: kuchota maji ya ndoo na kuyamimina tena kutoka juu, ili yapate hewa, njia nzima. Nilichota na kumimina kwenye mashimo, nikachota na kumimina kwenye pantoni tulipovuka mto. Hapo tu ndipo Bibi alipogeuka.

"Mke mwenzangu, mwenzetu yu hai?"

Kwetu bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza, na utani huo hauishi hadi kaburini. Nilimwambia yu hai. Hakuonyesha kufurahi wala kusikitika.

Baba alikuwa amempigia simu mtu mmoja aliyewahi kuvua samaki wa mapambo, akamwuliza la kufanya. Aliambiwa asimmimine samaki kwenye tangi kama anayemwaga maji ya mchele. Maji ya ndoo na maji ya tangi si ndugu, hata kama yote ni ya chumvi. Inabidi wazoeane kwanza. Basi Baba alitafuta mpira wa dripu, ule wa hospitali, akaufunga fundo ili upitishe tone kwa tone, akayateremsha maji ya tangi kwenye ndoo polepole mpaka ndoo ikakaribia kujaa. Tuliambiwa pia tuzime taa. Tulikaa gizani, watu wanne, tukisikiliza matone, huku jirani yetu Bi Tatu akiita kutoka dirishani kwake kuuliza kama umeme umekatika kwetu peke yetu. Baba alipomhamisha samaki kwa bakuli, Bibi alisema, "Ndivyo. Hata bibi harusi hasukumwi mlangoni." Kitatange aliteremka hadi chini, akajibanza nyuma ya jiwe, na hatukumwona tena siku ile.

Asubuhi tulijua sababu nyingine ya kujibanza. Wale weusi walikuwa wakimfukuza. Kila alipotoa pua, mmoja alimjia kutoka kulia, mwingine kutoka kushoto. Pezi lake la mkia lilikuwa limeanza kuchanika. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema, lakini wahenga hawakufuga samaki. Baba alifikiri, akapandisha mikono ya shati, akayatoa mawe yote ya matumbawe na kuyapanga upya, hata moja lisirudi lilipokuwa. Katikati aliweka kipande cha chungu kilichovunjika, mdomo wake umeelekea ukutani. Wale weusi walizunguka siku nzima wakitafuta mipaka yao, kama watu waliorudi safari wakakuta barabara mpya imepita kwao. Walipokuwa bado wanatafuta, kitatange alikwisha kuingia kwenye kigae na kukifanya chake. Ugomvi haukuisha, ila ulipungua ukawa wa kawaida, wa watu wanaoishi pamoja.

Kilichobaki kilikuwa kula, na hapo ndipo tulipochoka. Tulimpa uduvi mkavu, akautazama ukizama. Tulimpa uduvi mbichi, ukaliwa na weusi. Tulimpa vipande vya kamba, yai la kuchemsha, minyoo ya ardhini ambayo niliichimba mwenyewe nyuma ya choo na kuisuuza kwa maji ya chumvi. Nilichomeka kamba kwenye ncha ya chelewa ya ufagio na kuitikisa mbele ya kigae ili ionekane hai. Mkono uliniuma, kitatange akageuka na kunionyesha mkia. Kila siku alizidi kuwa mwembamba. Ukimtazama kwa mbele, uliona kichwa na nyuma yake hakuna kitu. Kila alipotoka kazini Baba alimwendea samaki kabla ya kumwendea mtu yeyote. Nilimsikia akimwambia Mama jikoni, "Akifa huyu, nimempoteza mama yangu kwa ajili ya kitoweo kisicholiwa." Alisema kwa kucheka, lakini sauti haikucheka.

Msomaji asidhani kwamba Bibi naye alikuwa hali. Watu wapenda mifano wangependa iwe hivyo. Bibi alikula vizuri sana. Alisifu mchuzi wa Mama, aliomba ukoko, alikunywa chai na mihogo mchana. Alilala kitandani kwangu nami nikalala mkekani, na alikoroma kama mtu asiye na deni la mtu. Kifurushi chake tu ndicho hakukifungua. Alitoa nguo ya kuvaa, akafunga tena fundo. Chetezo peke yake alikitoa kikawa nje, na kila Alhamisi baada ya magharibi, kwa kuwa usiku unaoingia ni wa Ijumaa, aliweka makaa, akatia ubani, akazungusha nyumba nzima akimwombea Babu na waliotangulia, kisha akakiacha chetezo pembeni mwa sebule kiendelee chenyewe. Nyumba yetu haikuwa na mazoea hayo kila wiki. Mama alifukiza udi siku za wageni na sikukuu. Lakini hakuna aliyelalamika. Ilikuwa harufu nzuri, na alikuwa mama wa mwenye nyumba.

Aliyemlisha kitatange mara ya kwanza ni Mama, ambaye tangu mwanzo hakulitaka tangi. Siku hiyo alikuwa anaandaa samaki wa kupaka, amewachanja na kuwashindilia viungo kwenye michanjo kwa kidole gumba. Aliacha kazi, akasimama mbele ya kioo na mikono yake ya manjano, akatazama muda mrefu. "Huyu hali kinachopita," alisema. "Angalia mdomo wake. Huyu ni wa kudonoa." Aliomba jiwe moja la matumbawe lenye matundu, akasaga ngisi na kamba kwenye kinu, akashindilia ule mchanganyiko kwenye matundu kama anavyoshindilia viungo, akalirudisha jiwe karibu na kigae. Hatukungoja sana. Kitatange alitoka, akaliinamia jiwe, akadonoa. Akadonoa tena. Mimi nilipiga kelele, Baba alikuja mbio na kitambaa cha kunawia begani, na Mama alirudi kwa samaki wake wa kupaka bila kusema neno, jambo ambalo kwake lilikuwa majivuno makubwa.

Bibi hakukubali haraka. "Amedonoa," alisema. "Kula ni kuzoea." Na alikuwa na haki, maana Ijumaa iliyofuata samaki alirudi kigaeni akihema juujuu, mashavu yakifunguka na kujifunga kwa haraka, na jiwe la Mama halikuguswa. Jumamosi Baba alibadilisha sehemu ya maji kama kawaida yake, na siku zilizofuata akarudi kudonoa vizuri. Ijumaa nyingine, hali ile ile. Bi Tatu alikuja akatoa hukumu yake: jicho. Samaki mzuri hivyo, watu wanaingia na kutoka, wanasifu bila kusema mashallah, atapona vipi? Mama alifunika tangi kwa kanga. Baba alilaumu mawe, akayachemsha. Alilaumu maji, akaenda kuteka mbali zaidi. Penye wengi pana mengi, na kitatange alikonda katikati ya hayo mengi. Bibi alikaa kwenye kiti chake mbele ya tangi akitazama, na sikuweza kusoma usoni mwake anaomba litokee lipi.

Kisha ikaja Alhamisi ambayo umeme ulikatika tangu alasiri. Pampu ikanyamaza. Baba alitupangia zamu ya kikombe, kuchota na kumimina, na wote tulijua kwamba kesho yake tungemkuta samaki amekufa, maana hata siku zenye umeme Ijumaa ilikuwa mbaya. Bibi alifukiza ubani wake kama kawaida, gizani, makaa yakiwaka mekundu. Umeme ulirudi makaa yamekwisha kuzimika na moshi umekwisha sebuleni. Asubuhi kitatange alikuwa nje ya kigae, anadonoa jiwe kwa bidii, amekipa mgongo kila kitu kingine. Baba alishukuru Mungu. Mimi nilishukuru pia, lakini jambo hilo lilinikaa kichwani kama mwiba wa samaki kooni. Siku isiyo na hewa ya pampu ndiyo iliyomfaa.

Alhamisi iliyofuata sikwenda kucheza. Nilikaa chini karibu na kijibao cha pampu. Bibi alizungusha nyumba, akaacha chetezo pembeni, akaingia kuswali. Moshi ulipanda kidogo, ukalala, ukatambaa kando ya ukuta hadi nyuma ya tangi, na pale niliona ukivutwa. Kwa kweli niliuona: uzi mwembamba wa moshi ukiingia kwenye kitundu cha pampu kama uzi unaoingia sindanoni. Upande wa pili mapovu yalipanda majini, na kila povu lilipopasuka juu ya maji lilitoa moshi kidogo. Niliinua kifuniko, nikainamisha uso. Maji ya bahari ya Raskazone yalinuka ubani. Juu yake palikuwa na utando mwembamba unaong'aa, kama wa mafuta kwenye mchuzi uliopoa. Tulikuwa tukimfukiza samaki kwa ndani.

Nilimwambia Baba kibandani kwake, nikiwa nimekimbia. Nilitegemea angefurahi. Aliweka chini kisu cha kukatia vioo, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilipomwuliza kwa nini asiende kumwambia Bibi aache, alinitazama kama mtu anayepima kioo kilichobaki kidogo. Alinieleza polepole kwamba mtu mzima aliyeletwa kwenye nyumba ya mwanawe ana vitu vichache sana vya kwake. Vyombo si vyake, kiti si chake, hata kitanda ni cha mjukuu. Chetezo kile ndicho kitu pekee alichokifungua. "Nikimwambia ubani wake unaua samaki," Baba alisema, "atasikia nimemwambia kwamba yeye ndiye anayeharibu nyumba. Atafunga mzigo leo hii. Na atakuwa na haki." Sikuelewa yote. Nilielewa kwamba tulikuwa na dawa na hatuwezi kuitaja.

Baba alifanya alivyojua, yaani kwa mikono. Alitoboa tundu dogo kwenye fremu ya dirisha, akaitoa pampu nje, akaifunika kwa nusu ya dumu ili isinyeshewe, na mpira mrefu ukapita kutoka uani hadi majini. Sasa ilivuta hewa ya nje. Bibi alipouliza, alimwambia ni kwa ajili ya kelele, ili apumzike vizuri. Kazi ilikuwa safi. Alipaka silikoni kuzunguka tundu, na siki ikanuka tena nyumbani.

Alhamisi iliyofuata Baba alichelewa kibandani. Bibi aliwasha makaa yake, akasimama na chetezo mkononi mbele ya dirisha, akaniita.

"Mke mwenzangu. Huu mpira umekwenda nje kutafuta nini?"

"Baba amesema kelele, Bibi."

"Kelele." Aliufuata mpira kwa macho, kutoka majini hadi dirishani, kisha akatazama moshi uliokuwa mkononi mwake, ukienda upande ule ule. "Baba yako tangu mdogo hajui kusema uongo. Akidanganya anafanya kazi nzuri kupita kiasi."

 Niliona kwamba uamuzi wote ulikuwa mkononi mwake. Kama alitaka kurudi Ushongo, njia ilikuwa hapo: angenuna, angesema amefichwa, au angeuzima ule ujanja kwa neno moja tu, kwamba mpira unamwudhi, urudishwe ndani. Samaki angekufa, sharti lingekuwa lake, na hakuna ambaye angeweza kumlaumu. Badala yake aligeuka, akatoka na chetezo hadi uani. Kisha akaona pampu iko hukohuko chini ya nusu ya dumu, akacheka kwa pua, akaenda kukaa upande wa pili kabisa, penye mlango wa jikoni, ambako upepo unachukua moshi na kuupeleka kwa Bi Tatu. Aliomba dua zake pale, amekaa kwenye kibao. Tangu Alhamisi hiyo alifukiza pale, na hakumwambia mwanawe kwa nini. Baba naye aliona, na hakumwambia mama yake kwamba ameona. Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Hao wawili walikuwa waungwana kiasi cha kuchosha. Mimi nililia kidogo, chooni, kwa furaha, na nilijionea haya, kwa kuwa sehemu ya machozi ilikuwa ya kitanda ambacho sasa nilijua sitarudishiwa.

Kitatange alinenepa. Alijifunza kudonoa jiwe, baadaye akadonoa kamba kwenye ncha ya chelewa, na mwishowe akaja juu Bibi alipogusa maji kwa kidole. Siku moja baada ya chai Bibi alimtazama akila mpaka akageuka mwenyewe kuliacha jiwe. "Ameshiba," alisema, kwa sauti ya kawaida, kama anasema mvua imenyesha. Mama alisimama palepale, akaenda kumfungulia Bibi nafasi kwenye droo moja la kabati. Bibi alikaa nasi miaka mingi. Alikwenda kliniki, alimeza dawa kwa sababu kulikuwa na mtu wa kumkaripia, aligombana na Mama kuhusu chumvi, akazikwa Ushongo kama alivyotaka. Samaki alitangulia, wao hawaishi sana.

Nimeolewa sasa, naishi Dar es Salaam, kwenye nyumba yenye chumba kimoja cha ziada. Mama alifariki mwaka juzi. Baba yuko peke yake Usagara, mikono inatetemeka, hakati tena vioo. Mwezi uliopita aliteleza bafuni, akakaa sakafuni mpaka kijana wa maji alipogonga mlango. Nimekwenda kumbembeleza, na nimerudi. Zamani nilidhani Bibi alikuwa mgumu. Leo naona alikuwa mwepesi kuliko mwanawe, maana mtu anayeweka sharti amekwisha kukuonyesha pa kupitia, amekupa kazi ya kufanya, nawe ukiwa na bidii utafika. Sisi tulihangaika na ngisi, mawe na mipira, lakini alikuwa ametuachia mlango tangu kibarazani kwake, mikono yake ikiwa bado inanuka nazi. Baba hajaniwekea sharti lolote. Hakatai wala hakasiriki. Nimemwambia aniombe chochote, jambo lolote gumu apendalo, nilifanye ndipo aje. Jana nilimpigia tena. Alipokea salamu, akaniuliza kama nimekula, akaniuliza mume wangu amekula, na alipoona naanza maneno yale yale, akasema simu yake inaisha chaji.